Barabara ya Mbooni Niliyosema Imekatika

Siku hiyo naikumbuka, mwanangu, kuliko ninavyotaka kuikumbuka. Jana ulipokaa hapa ukinionyesha hoteli na mbuga kwenye simu yako, ukiniuliza umpeleke wapi rafiki yako kwa zile siku tatu za likizo, nilinyamaza ukadhani nimechoka. Sikuwa nimechoka. Nilikuwa naona haya. Swali hilo niliwahi kulijibu vibaya nikiwa na umri kama wako, na hadithi yote sijawahi kumweleza mtu, hata baba yako, ambaye naye yumo ndani yake.

Nilikuwa mwalimu katika shule moja ya upili nje kidogo ya mji wa Kitui. Nyumba yangu ilipakana na ya Halima, mwalimu wa hisabati. Halima alitoka Garissa, kwenye familia ya wauza mifugo, na alipoletwa kwetu hakumjua mtu yeyote. Kwa miaka mitatu tulisahihisha mitihani kwenye meza moja, na nilipougua malaria yeye ndiye aliyenifulia nguo na kunipikia uji. Halafu barua ya uhamisho ikaja. Alikuwa anarudi kwao, na ilikuwa imebaki wiki moja tu.

Nikamwambia kwamba kabla hajaondoka nitamtembeza siku mbili, Ijumaa na Jumamosi, kwa gari. "Chagua mahali," nikasema, nikijiona mtu mkubwa kweli, ingawa gari lenyewe sikuwa nalo.

Hakufikiri sana. "Mbooni," akasema. "Wale wasichana wanaotoka huko huniambia asubuhi ukungu unaingia mpaka jikoni, na mashamba yamepanda mlima kama ngazi. Mimi nimezaliwa kwenye jua, na nikaletwa kufundisha kwenye jua. Nataka nisikie baridi siku moja."

Nikamwambia hilo ni jambo dogo. Tungeingia Makueni, tusimame Mukuyuni kununua matunda sokoni, kisha tupande mlima. Kesho yake akaenda soko la mitumba akarudi na sweta nzito ya kijani. Aliivaa sebuleni kwangu, jasho likimtoka, akicheka.

Gari nilitarajia kulipata kwa ndugu yangu Kioko, baba yako. Wakati huo alikuwa na pick-up ya kubebea mchanga, na alikuwa anajiandaa kumwoa mama yako. Nilipomwomba, alinikubalia haraka mno.

"Gari chukua," akasema, "lakini pitia Mutomo, kwa shangazi. Ijumaa ni siku ya soko ya mbuzi. Niletee watatu wa ntheo. Na si huyo Halima ni mtoto wa wafugaji? Hebu achague yeye. Mimi mbuzi wananidanganya."

Unajua mbuzi wa ntheo, mwanangu. Wasipofika kwa kina msichana, kwetu ndoa haijawa ndoa. Kwa hivyo sikuweza kumlaumu. Lakini Mutomo ni kusini na Mbooni ni magharibi, na siku zenyewe zilikuwa mbili. Ningeweza kumkatalia ndugu yangu tukaenda kwa matatu. Ningeweza kumwambia Halima ukweli. Sikufanya lolote kati ya hayo, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kujigamba kwake kuhusu gari, na niliona aibu akijua kwamba gari limekuja na masharti.

Alhamisi jioni nikaenda mlangoni kwake nikamwambia mvua imeikata barabara ya Mbooni, magari hayapiti. Nilisema hivyo bila kupepesa macho. Nikaongeza kwamba Mutomo pia ni pazuri, kuna mawe makubwa ya ajabu na shangazi yangu mkarimu sana.

"Haya," akasema Halima. "Mungu akipenda tutaenda siku nyingine." Sote wawili tulijua siku nyingine haikuwepo.

Ijumaa tukaondoka alfajiri. Hebu fikiria nilichokuwa nafanya. Mtu aliyekulia katika vumbi na mbuzi, akaomba siku mbili za ukungu, nami nampeleka kwenye vumbi na mbuzi. Barabara hiyo wakati ule haikuwa na lami. Kufika Ikanga, nyusi zetu zilikuwa nyekundu. Sweta alikuwa amekuja nayo, ameikunja mapajani. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Labda jioni kutakuwa na upepo."

Tulipofika Mutomo nikajifanya nimeshtuka kuona soko. Nikasema kwa vile tumefika, hebu tushuke tutazame, ndugu yangu anahitaji mbuzi. Halima alishuka bila kinyongo. Akafunga vizuri mtandio wake, akaingia katikati ya wale wanaume na kuanza kazi. Alifungua midomo, akahesabu meno, akapapasa migongo. Beberu mmoja niliyempenda kwa rangi yake alimkataa kwa sababu alimsikia akikohoa. Alipomaliza tulikuwa na mbuzi watatu ambao hata wauzaji walikubali kwamba ndio waliokuwa bora sokoni. Nilifurahi. Hilo nalo nalitubu, kwamba nilifurahi.

Saa saba tulifika kwa shangazi, dada wa babu yako, ambaye hukumkuta akiwa hai. Alikuwa amepika muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa yakachanganywa na maharagwe, pamoja na mboga. Alimkaribisha Halima kwa Kiswahili chake cha kusitasita. "Sikujua kama kuku niliyechinja mimi utamla," akamwambia, "kwa hivyo nimeacha kuku. Lakini niambie unapenda nini, nipike jioni."

Halima akasema muthokoi anaupenda. Basi shangazi, kwa furaha ya kupata mgeni, akaendelea. "Kioko alinipigia simu juzi. Akasema dada yake anakuja na mtoto wa wafugaji kuchagua mbuzi wa ntheo. Nikasema hapo amefikiri."

Halima aliacha kutafuna. "Juzi?" akauliza.

"Juzi, Jumatano."

Ningeweza kuyakatiza mazungumzo hapo, lakini niliinamia sahani yangu. Halima akamuuliza shangazi kwa upole kabisa kama amesikia habari za mvua upande wa Mbooni.

"Mvua gani, mwanangu? Jirani yangu amerudi kutoka huko jana. Amekuja na gari hadi mlangoni."

Halima hakunitazama. Alimaliza chakula chake chote, akamshukuru shangazi, akatoka nje kunawa mikono. Nikamfuata. Alikuwa anajimwagia maji kutoka kwenye kopo, polepole, na mimi nimesimama kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Ungeniambia tu," akasema. "Ndugu yako anaoa. Ningekuja Mutomo kwa moyo wote nikamchagulia mbuzi. Mbooni si kitu. Lakini umenivika ujinga."

Nikasema tulale hapo, kesho alfajiri nimpeleke Mbooni, tutafika tu. Akatikisa kichwa. "Mbuzi hawawezi kukaa kwenye gari siku mbili bila kuumia. Nirudishe Kitui. Nina mizigo ya kufunga."

Na mimi, mwanangu, nisikilize vizuri hapa, sikumbembeleza. Niliona haya, ndiyo, lakini chini ya haya kulikuwa na nafuu kidogo, kwamba mbuzi wa baba yako watafika salama. Nafuu hiyo ndiyo inayonichoma mpaka leo.

Kabla hatujaondoka shangazi aliniita jikoni. Alikuwa ameelewa. Hakunipigia kelele. Alisema, "Yule msichana umemleta hapa kama kamba ya kufungia mbuzi. Mimi sijui Kiswahili kingi, lakini nimemuuliza anapenda kula nini. Wewe umesoma. Umemuuliza nini?" Nikamjibu kwamba nilimuuliza na akanijibu. "Basi ni vibaya zaidi," akasema, akanipa mgongo.

Tulirudi Kitui, mbuzi wakilia nyuma. Jumatatu Halima aliondoka. Alinikumbatia kituoni mbele ya walimu wengine, kwa sababu alikuwa mtu wa adabu, lakini mikono yake ilikuwa myepesi. Aliniandikia barua mbili, fupi. Nami nilijibu kwa habari za shule, nisiguse lile jambo.

Ilipita miaka mingi kabla sijamwona tena. Alinialika arusi ya binti yake, Garissa, nikaenda. Arusi ilipoisha, aliketi karibu nami akasema, "Siku mbili hizi ni zako. Unataka kuona nini?" Nikasema ningependa kuona mto Tana. Asubuhi mumewe aliahirisha safari yake mwenyewe ili gari libaki nyumbani, na Halima akaniambia hivyo wazi, bila kuficha, tukiwa bado mlangoni. Tukaenda mtoni. Hapo ndipo nilipopata nguvu za kumwomba msamaha.

"Nilikukasirikia mwaka mzima," akasema. "Baadaye nikachoka."

Nikamuuliza kama amewahi kufika Mbooni. Akasema bado. Nikamwambia aje, sasa nina gari langu. Akacheka, akagusa magoti yake. "Haya hayapandi mlima tena, mwalimu."

Basi mwanangu, usiniulize mimi umpeleke rafiki yako wapi. Muulize yeye, na akikujibu, liheshimu jibu lake hata kama linakusumbua au halipendezi kwenye picha. Na kama gari lina shughuli nyingine njiani, mwambie kabla hajafungua mlango, akubali au akatae akijua. Ukishindwa kumpeleka, sema umeshindwa. Ukishindwa, mtu atakusamehe mapema sana. Lakini ukimfanya mjinga, kukusamehe kutamchukua muda, na huenda muda huo ndio pekee mliokuwa mmebaki nao pamoja.

Mungu awatangulie barabarani, wewe na mwenzako. Awape safari mtakayoweza kuisimulia mkiwa pamoja, wote wawili, bila mmoja kuangalia chini. Nendeni salama, mrudi mkiwa bado marafiki.