Ini la Kuotesha Chupani

Mwaka ule wanunuzi wa mpunga waliingia na malori yao mpaka mashambani, tukauza kwa tamaa, na sisi wenye mpunga tukala ndizi mpaka mavuno. Mume wangu hata ndizi zilimshinda. Saratani ya ini. Tumbo lilimvimba kama la mwenye mimba, macho yakawa rangi ya binzari.

Mjukuu wetu wa kike akaja kutoka chuoni kumwona. Ndiye wa kwanza katika ukoo kusomea udaktari, na kwa hilo najivuna, anayechukia achukie. Alinieleza kazi yao ya maabara. Wana seli za saratani zilizotoka kwenye ini la kijana mmoja wa nchi ya mbali. Wanazilisha kwenye chupa, zinaongezeka, wanazijaribia dawa. Kijana mwenyewe nani? Hata jina lake hawalijui. Mama yake aliombwa? Akainuka kumpelekea babu yake maji. Nikatoka kufagia ua ambao nilikuwa nimeshaufagia.

Niliporudi ndipo akasema lililomleta. Mwalimu wake anaomba kipande cha ini la babu, siku atakapofariki, wajaribu kukiotesha. Alidhani naogopa kisu. Mimi? Mama mkwe alipokufa wazee walimpasua tumbo nikiwa mlangoni, ndivyo ilivyokuwa desturi, watazame kilichomuua. Wakatazama, wakarudisha kila kitu mahali pake, tukazika.

"Pasueni," nikamwambia. "Mtarudisha lini?"

"Hakirudi, Bibi. Kinaendelea kukua."

"Mpaka lini?"

"Kikikubali, hakina mwisho."

 Sasa matanga nitayamaliza lini, ikiwa kipande cha mume wangu kiko hai, kinalishwa na watu nisiowajua?

Tukamwuliza mwenyewe. Akacheka kwa shida. "Wake zangu mnanigombania ini bovu. Mimi nitakuwa sipo. Mke mkubwa aamue."

Mjukuu akanishika mikono. Akasema huenda dawa ikapatikana humo, babu wa mwenzetu akapona. Ni kweli, na ukweli huo ulininyima pa kukaa. Nikaenda jikoni bila shughuli, nikarudi, nikaenda tena. Yeye ananifuata nyuma.

Nikageuka. "Sikiliza, mke mwenzangu. Nitamzika na ini lake lote."

"Bibi, ni kipande kama ukucha tu."

"Nitamzika na ini lake lote."