Albamu za Kupandia Kitonga

Nakumbuka asubuhi moja nimekaa kitandani nyumbani kwetu Ngamiani, begi limeshafungwa, simu imejaa albamu za roki na metali, na miguu imekataa kuingia kwenye viatu. Mama aliniita kutoka ukumbini mpaka sauti ikamkauka. Nilimsikia. Lakini nilikuwa bado najiuliza kama albamu fulani ingefaa kusikilizwa kabla ya Chalinze au baada yake, na nilijiambia kwamba sitasimama mpaka nipate jibu.

Mwanangu Salimu, usicheke kwa kuitwa mwanangu. Najua nimekupita miaka michache tu, na tumecheza mpira pamoja kule Usagara ukanitoa kucha ya dole gumba. Lakini baba yako ni kaka yangu, na kwetu baba mdogo ni baba. Umeniandikia kwamba unaondoka kwenda chuo Mbeya, na unataka nikuchagulie albamu ambazo hujawahi kuzisikia, "ngumu kabisa, baba mdogo, zinitoe Tanga zinifikishe Mbeya." Swali dogo, lakini nimelala nalo na nimeamka nalo. Jibu nitakupa. Kwanza nikueleze mimi nilivyochagua, maana wewe utapita barabara ileile.

Unajua kwamba mwaka niliomaliza chuo, basi nililorudi nalo liliacha barabara karibu na Segera. Nyumbani huwa wanasema "alhamdulillahi, hakufa mtu," na mazungumzo yanaishia hapo. Kweli hakufa mtu. Ila kuna jambo sikumwambia yeyote. Breki zililia, basi likalala ubavu kwenye majani, kisha pakawa kimya. Kimya kile ndicho kilichonitisha kuliko breki. Kwa muda mfupi hakuna aliyelia wala aliyeita, nami nikadhani nimebaki peke yangu duniani. Baadaye watu walianza kupiga kelele, na mpaka leo sijawahi kufurahia kelele kama zile.

Tangu hapo sikupanda basi. Shahada yangu ilitundikwa ukutani, nami nikakaa chini yake nikifundisha watoto wa jirani hesabu. Kila nilipoitwa mbali kwa kazi nilikuwa na udhuru: mara homa, mara mshahara mdogo, mara nimesikia kule kuna baridi. Halafu ikaja shule moja ya Njombe. Walisema wazi kwamba nisipofika Jumatatu asubuhi, nafasi anapewa wa pili wangu. Mama alikuwa ameshawaambia majirani wote. Nami nilijua, kama mtu anavyojua jambo ambalo hataki kulijua, kwamba nikiikataa hii sitaondoka tena.

Hapo ndipo albamu zilipoingia. Nilifikiri hivi: ikiwa ninachoogopa ni kimya, basi nisafiri bila kimya. Nilikwenda kwanza kwa yule kijana wa sokoni anayerusha nyimbo kwenye simu. Ana taarabu, ana kaswida, ana singeli mpaka za jana. Nilipomwuliza metali akatikisa kichwa. "Kaka, hizo za kupasua spika siweki. Zinafukuza wateja." Nikaenda Raskazone kwa rafiki yangu mwenye intaneti nyumbani, nikapakua mpaka akaanza kuzima taa za sebuleni niondoke.

Sikuchagua kwa utamu, mwanangu. Nilisikiliza mwanzo wa kila wimbo na mwisho wake, nikipima kama kuna upenyo kati ya wimbo na wimbo. Albamu iliyoanza na sauti ya mvua, niliifuta. Yenye gitaa la polepole, niliifuta. Kulikuwa na moja ya vijana wa Botswana, wanapiga kama watu wanaofukuzana na ng'ombe wenye hasira, na moyo wangu uliipenda kweli. Lakini baada ya wimbo wa pili palikuwa na kimya cha pumzi moja. Nayo nikaifuta. Mama alinitazama siku nyingi, mwishowe akasema. "Mwanangu, wataka muziki au wataka ukuta?" Nikamwambia natafuta iliyo bora. Akarudi kwenye sufuria yake. "Haya. Mchagua nazi hupata koroma."

Asubuhi ile ya safari, mwishowe nilivaa viatu, nadhani kwa aibu kuliko kwa ushujaa. Baba alisimama mlangoni akainua msahafu, nikapita chini yake nimeinamisha kichwa, na kabla sijafika barabarani hedifoni zilikuwa zimeshaingia masikioni.

Kwenye kiti cha pembeni yangu alikaa mama mmoja mtu mzima wa Pongwe, anaitwa Bi Zuhura. Alikuwa anakwenda Iringa kwa binti yake aliyejifungua. Nilitoa hedifoni moja nikamwamkia, shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akasogeza sikio.

"Humo mnalia nini? Jenereta?"

"Ni muziki, bibi."

"Muziki! Nami nikadhani mwana wa watu amebeba mashine ya kusaga." Akacheka peke yake, akafunga mtandio vizuri. "Haya saga, mwanangu, saga. Tukifika tutakula ugali."

Nikarudisha hedifoni. Muheza, Segera, Chalinze, zote nilizipita macho yamefumbwa. Pale Segera niliongeza sauti mpaka masikio yakauma. Sikujua kama tumekipita kile kipande cha barabara au la, na nilijipongeza kwa kutojua.

Morogoro niliteremka na begi. Nitakuambia wewe tu: niliteremka ili nisipande tena. Nilikwishafika kwa mkata tiketi mmoja nikamwuliza basi la kurudi Tanga linaondoka saa ngapi. Kabla hajanijibu nikaguswa bega. Bi Zuhura, ametoka kujisaidia, ananitazama mimi, anatazama begi.

"Mjukuu wangu, chooni watu huenda na begi zima siku hizi?"

Nikasema naogopa wezi.

"Mwizi gani ataiba mashine ya kusaga? Twende, basi latuacha."

Nikamfuata. Mtu mwoga hana nguvu ya kubisha, mwanangu. Hilo nalo wakati mwingine ni neema.

Mikumi watu walikuwa wanaonyeshana twiga, mimi nikaona migongo ya watu wanaoona twiga. Albamu niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya mlima ilikuwa ya kundi moja la nchi za baridi, ngoma zake kama mvua ya mawe, haina upenyo mwanzo wala mwisho. Niliianza tulipoanza kupanda Kitonga. Wewe hujaiona Kitonga. Upande mmoja mwamba, upande wa pili ni bonde, na katikati malori yanapanda kwa kuugua. Nikafumba macho.

Ndipo wimbo ukakatika katikati. Simu ilikuwa na chaji, wala hakuna aliyepiga. Ulikuwa wimbo wenyewe. Wale watu walikuwa wameweka kimya katikati ya wimbo, mahali nisipopapima, kwa sababu nilipima mianzo na miisho tu. Na katika kimya hicho basi lilikuwa limesimama nyuma ya lori, na lilikuwa linarudi nyuma. Kidogo tu. Lakini nilifumbua macho nikaliona bonde likisogea dirishani, na nikasikia kumbe kuna mtu ananiita.

"Mjukuu. We mwana. We mwana, nishike mkono."

Alikuwa Bi Zuhura. Midomo ilikuwa inasoma dua, mkono umenishika mkono wa shati, na kwa jinsi shati lilivyokunjamana ulikuwepo pale muda mrefu. Nikaushika. Ulikuwa wa baridi na umelowa. Yule mama wa utani wote ule alikuwa anatetemeka kuliko mimi.

Breki zikashika. Basi likatulia, dereva akasubiri lori liondoke. Watu nyuma walianza kumpigia konda kelele, wengine wakicheka kile kicheko cha woga.

"Nimekuita, nimekuita," akasema. "Tangu chini kule. Wewe umejifungia humo ndani."

"Na mimi naogopa, bibi."

Akanigeukia. "Waogopa?"

"Sana. Tangu Tanga."

"Alhamdulillahi!" akasema, na uso wake ukafunguka kabisa. "Kumbe tuko wawili! Mimi nikadhani nimekaa na jiwe." Kisha akanikaripia, huku bado ameushika mkono wangu. "Usifanye hivi tena. Mwoga akijifungia, ajua kwamba amemwacha mwoga mwenzake nje? Wazee husema kifo cha wengi harusi. Basi hata woga, mwanangu. Woga wa peke yako ni maiti bila mazishi."

Wimbo ulikuwa umerudi, unavuma kwenye hedifoni moja niliyoichomoa ikaning'inia kifuani. Bi Zuhura akaichukua, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaitia sikioni kwake.

"Huyu analilia nini?"

"Anasema giza linakuja na yeye anaogopa."

"Si aseme taratibu?"

"Akisema taratibu hasikiki, bibi."

Akasikiliza. Lori likaondoka, basi likaanza tena kupanda, na vidole vyake vikanibana. "Ndiyo," akasema mwishowe. "Watu watasema muziki huu ni wa mashetani. Uongo. Huu muziki wa waoga. Ila hawa wameona bora waseme."

Tulipanda Kitonga yote hivyo, hedifoni moja sikioni kwangu, moja kwake, masikio mengine mawili yako wazi. Niliisikia kila gia. Nilimsikia mtoto akiomba maji, na konda akisema bado kona moja, na ilipokwisha akasema bado moja. Sikuacha kuogopa hata dakika moja. Ila niliyaona mabonde yale kwa macho yangu, na Jumatatu asubuhi nilikuwa nimesimama mbele ya darasa Njombe, nimevaa masweta mawili.

Sasa jibu lako, mwanangu. Usibebe albamu nyingi. Wingi ni njia ya kuahirisha safari, na mchagua jembe si mkulima. Beba moja unayoijua mpaka pumzi za mwimbaji, hiyo ndiyo ya kukutoa Tanga, maana asubuhi ya kuaga nyumbani moyo hautaki mgeni. Beba nyingine nzito na ya polepole, yenye nafasi pana kati ya ngoma na ngoma, uisikilize nyika ya Mikumi ikipita, na uangalie twiga kwa niaba yangu. Na ya tatu achague mtu mwingine kabisa, hata kama haujui muziki huu, akunyooshee kidole picha ya jalada iliyompendeza. Hiyo usiionje kabla. Usipime mwanzo wala mwisho. Kitu unachotaka kukigundua njiani ukikichokonoa nyumbani, njiani utakuta makapi.

Kila unapopanda, mwamkie uliyekaa naye kabla ya kuvaa hedifoni, na acha sikio moja wazi. Si kwa ajili ya hatari, hatari haiombi ruhusa ya masikio. Ni kwa ajili ya mtu anayekuita. Na wewe ukiogopa, usijifanye jiwe. Heri kufa macho kuliko kufa moyo, na moyo hufa taratibu pale usiposema.

Mimi bado naogopa mabasi. Naogopa zaidi sasa kwa kuwa ni wewe unayepanda, na siku hiyo najua nitafundisha hesabu vibaya. Usinitumie picha za makona. Nitumie neno moja ukifika.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu akupe dereva mpole na breki zinazoshika. Akupe jirani mwenye maneno mengi. Akupe elimu utakayorudi nayo na njia ya kurudia. Na popote hofu itakapokukuta, akupe sauti ya kuita, na mtu wa kukusikia. Amina.