Chupa Nilizoziosha kwa Sabuni

Kule Dunga, ufukweni mwa ziwa, kila mama aliyefua nguo za watu alikuwa na jiwe lake la kufulia. Halikuandikwa jina, lakini ukikalia jiwe la mwenzako utakiona cha mtema kuni. La mama yangu lilikuwa la tatu kutoka pale mitumbwi ilipofungwa, jiwe pana lililolika katikati kwa miaka ya kupigiwa mashuka ya nyumba za wageni na sare za wauguzi. Jiwe hilo ndilo lililonisomesha. Mama alikuwa na sheria moja tu: nguo husuuzwa mara tatu. Ukisuuza mara mbili alikurudisha majini bila hata kukutazama.

Nilipoajiriwa katika maabara ya ofisi ya maji mjini Kisumu, miaka ya themanini ikielekea kwisha, mama aliwatangazia wateja wake wote. Kazi yangu ilikuwa kuosha chupa, kuchota maji ziwani na mtoni, na kuyapima. Si kazi ya kuringia, lakini niliringa.

Wakati huo maji ya ghuba yetu yalikuwa yameanza kugeuka kijani, tena kijani kizito, kinachonuka na kung'ang'ania nyavu. Wavuvi wakamlalamikia chifu, chifu akapeleka juu, na mwishowe barua ikatua kwa mkubwa wetu: nani anachafua ziwa? Pale maabara tulijua kwamba mwani hunenepa ukilishwa, na chakula chake kimojawapo ni fosfeti, ile ile iliyomo kwenye mbolea ya dukani na kwenye sabuni ya unga. Lililobaki ni kujua inatoka wapi. Nikatumwa kuchota maji sehemu mbili: ufukweni Dunga, na mto Nyando pale daraja la Ahero.

Chupa za kupimia fosfeti huoshwa kwa asidi. Asubuhi ile asidi iliyobaki ilitosha chupa za mtoni tu. Nyingine ilikuwa imeagizwa Nairobi, na Nairobi walikuwa na mambo yao. Basi mimi, mtoto wa mfua nguo, nikafanya nililolijua tangu utotoni: nikachukua sabuni ya unga nikazisugua chupa za Dunga mpaka zikameta. Dereva alikuwa akinipigia honi, kwa hivyo nikasuuza mara mbili nikakimbia. Mjinga mimi! Nilizipaka chupa kitu kile kile nilichotumwa kukitafuta, na sikukumbuka hata kidogo.

Kilikuwa kiangazi, mto umetulia. Majibu yalipotoka, maji ya mto yalikuwa na fosfeti kidogo, ya Dunga yamepanda ajabu. Mkubwa wetu alifurahi kama mtu aliyepata funguo zake zilizopotea. "Ni hao akina mama na sabuni zao," alisema. Haikupita muda, ripoti ikasomwa barazani na kufua ufukweni kukapigwa marufuku. Mama alikuwa amekaa nyasini na wenzake aliposikia maneno "kwa mujibu wa maabara."

Hakunilaumu. "Kama ni sisi, basi ni sisi," alisema. Akaanza kununua maji kwa mitungi na kufulia nyuma ya nyumba. Maji ya kununua hayatoshi mashuka ya nyumba ya wageni, na wateja wakubwa wakamwacha mmoja mmoja. Akabaki na soksi na mashati ya majirani.

Miezi mingi baadaye asidi ikafika. Kabatini nilikuta chupa moja ya Dunga niliyoiosha siku ile ya honi, ambayo haikuwahi kutumika. Kwa udadisi tu nikaijaza maji safi ya maabara, nikatia dawa. Dawa yetu hugeuka bluu panapo fosfeti. Ikageuka bluu saa hiyo hiyo. Ilikuwa sabuni yangu.

Nikaosha chupa zote upya, kwa asidi sasa, nikangoja mvua kubwa, nikarudi sehemu zile mbili. Kule Dunga fosfeti ilionekana, siwezi kusema haikuwepo, lakini ilikuwa kidogo. Mto ulikuwa umekuja mwekundu, umebeba udongo na mbolea ya mashamba ya miwa na ya vilimani, na chupa zake zilipanda bluu mpaka zikakaribia weusi.

Nikampelekea mkubwa majibu hayo na kumweleza kosa langu lote. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka. "Sasa unataka nifanye nini?" aliniuliza. "Maji hayo yanatoka mkoa mwingine. Mbolea ni ya kilimo, viwanda vina wizara yao, bei ya miwa inapangwa Nairobi. Sisi mamlaka yetu yanaanza maji yakishafika. Akina mama wa Dunga angalau wako kwenye ramani yetu." Nilitoka nimekasirika, nikapiga mlango kwa nguvu. Kisha nikarudi kazini, nikapokea mshahara, nikanyamaza miaka miwili. Hilo la kunyamaza ndilo linaloniuma mpaka leo.

Gugumaji, lile jani linaloelea na kufunika maji, lilipoingia ghubani, lilistawi kana kwamba limeandaliwa karamu. Jumapili moja mama alinipakulia ugali na samaki, akaniuliza, "Tuliacha kufua. Mbona ziwa linazidi kuugua?"

Nikamwambia yote. Alinisikiliza bila kula.

"Nilikufundisha kusuuza mara ngapi?"

"Tatu, Mama."

"Wewe ukasuuza?"

"Mbili." Hata tatu zisingetosha kwa chupa zile, lakini sikuthubutu kumwambia.

"Yawa!" alisema, akasukuma sahani. "Utayasema pale pale yaliposomwa."

Nikayasema barazani, mkubwa wetu akitazama viatu vyake. "Masomo yote yale, ukashindwa na chupa!" akanipigia kelele mmoja wa wafuaji, na wenzake wakacheka kicheko kisicho na furaha. Kisha mama akasimama. "Hapa tumekaa watu wa chini peke yetu," alisema. "Wa juu wako wapi? Wanaolima, wanaosaga miwa, wanaowapangia bei? Waiteni nao wakae kwenye nyasi hizi."

Ilichukua barua nyingi, lakini kikao kikafanyika Ahero, watu wa kilimo na wakulima wa juu wakiwemo. Walikubaliana wasilime mpaka ukingoni mwa mto. Wengine walitii, wengine walitutukana. Siwezi kusema ziwa lilipona.

Marufuku ya Dunga ikaondolewa. Asubuhi iliyofuata niliandamana na mama, beseni kichwani mwake. Gugumaji lilikuwa limefunika ufuko wote, mitumbwi imenaswa, maji hayaonekani. Mama alichokoa kwa fimbo huku na huku akitafuta jiwe lake, hakulipata.

"Kwa hivyo nimeruhusiwa," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Nifulie wapi?"

Akaliweka beseni vizuri kichwani, akageuka kurudi nyumbani.

"Hilo nalo liandike kwenye ripoti yenu," alisema.