Pengo la Nyuma ya Nguzo

Enzi zetu pale Kiminini, Krismasi ilianza na matope. Kabla ya kuku, kabla ya nguo mpya, akina mama walichanganya udongo na kinyesi cha ng'ombe wakasiriba kila kilichosimama. Hata nyumba yetu ya matofali ya kuchoma haikusamehewa: sakafu ya veranda na sehemu ya chini ya ukuta zililainishwa kama sahani.

Veranda hiyo ndiyo iliyotulisha. Ndani kulikuwa na giza, kwa hivyo mama aliweka cherehani yake pale nje, akashona sare za shule za nusu ya kijiji. Paa la mabati lilishikiliwa na nguzo mbili za mkaratusi zilizofungwa ukutani. Baba alizitengeneza mwenyewe. Sisi watoto tulizichoma ncha za chini mpaka zikawa nyeusi, yeye akazipaka oili chafu ya mashine ya kusaga posho, harufu ambayo mpaka leo hunirudisha nyumbani kuliko ya chapati. Kila nguzo aliisimamisha juu ya jiwe, akaikaza ukutani kwa bolti ndefu, na kati ya mti na tofali akaweka vipande vya tairi kuukuu. Pakabaki pengo la kupitisha kidole.

"Mti pia unataka kupumua," alisema.

Desemba moja, baba akiwa bado kazini Kitale, dada yake mkubwa alikuja kutoka Bungoma kusaidia kusiriba. Shangazi aliliona lile pengo kabla hajaketi.

"Wifi, si uone hii. Ati nyumba ya matofali, na iko na pengo kama meno ya mzee."

"Ni kakako aliacha hivyo," mama akajibu.

"Aliacha kwa uvivu. Namjua tangu akitambaa. Lete matope."

Wakaliziba lote. Palipendeza, siwezi kukataa. Baba aliporudi alitazama, akapita kwenda kunawa mikono. Dada mkubwa hakosolewi akiwa ameshika sahani ya kuku.

Mvua ziliposhuka kutoka mlimani, yale matope yalikunywa maji yasikauke tena, na mchwa wakapata ngazi. Alasiri moja ya upepo mabati yalianza kugonga juu ya kichwa cha mama, nguzo ikatikisika kando ya cherehani. Baba alichomeka kisu kwenye mti kikaingia kama kwenye kiazi kilichoiva. Mama akarudi kushona gizani, mishono ikapinda, na wateja wakaanza kupeleka vitambaa kwingine mpaka baba alipopata mti mpya.

Desemba iliyofuata shangazi alifika na ndoo yake. Mama akasimama mbele ya nguzo.

"Wifi, siriba kote. Hapa usiguse."

"Haya, kaa na pengo lako," shangazi akasema, na akasiriba kulizunguka kwa uangalifu, kama anayenyoa mtoto karibu na sikio.

Niliacha shule mapema, nikazurura miji mingi, na kila ninapopanga chumba huchungulia kwanza nyuma ya nguzo. Vijana wa leo humwaga zege na kumaliza. Wakiona matope, wanatafuta kwanza picha ya kupiga. Mama na shangazi hawapo tena. Mara ya mwisho nilipopita Kiminini nguzo ilikuwa wima, na kidole changu kilipita bila shida. Pengo liko salama siku hizi. Hakuna anayekuja Desemba kuliziba.