Watoto wa Mto Uliosahauliwa

Kwa siku kumi na moja Atilano Dogirama hakwenda popote bila vijitabu vitatu vya safari za meli. Alikwenda navyo mtoni kuoga, akavisoma kwenye mkutano wa pampu ya maji, na mkewe Nereida alipomwambia kwamba kuku wameingia kwenye unga, alimjibu bila kuinua macho kwamba chumba chenye dirisha ni ghali kuliko kisicho na dirisha.

Vijitabu hivyo aliletewa na binti yao Yariela, anayefanya kazi kwenye maabara ya hospitali jijini Panama. Wazazi walikuwa wametimiza miaka thelathini ya ndoa, naye alitaka kuwalipia safari ya siku nne ya kupita Mfereji. Kazi yao ilikuwa kuchagua meli tu.

Atilano aliona kwamba katika kijiji kizima cha Imamá Drua hakuna aliyestahili kazi hiyo kuliko yeye. Kwa miaka kumi na minane alikuwa msemaji wa wageni. Mitumbwi inapoleta abiria wa meli, ndiye anayesimama katikati ya nyumba kubwa, kavaa ubinda na shanga, akawaeleza kabila lao la Waemberá ni watu gani. Alizijua meli kwa majina. Alijua abiria wa ipi hununua vikapu na wa ipi hushika tu na kurudisha. Kwamba hajawahi kupanda hata moja aliliona jambo dogo, kama daktari ambaye hajawahi kuugua.

Nereida naye, miaka hiyo hiyo kumi na minane, ndiye aliyewakaangia abiria hao samaki.

"Nina neno moja tu," alimwambia, akisugua sufuria kwa mchanga. "Siku nne nataka kukaa. Nikae, niletewe. Sitaki kukaanga, sitaki kupigwa picha, sitaki mtu aniulize kama nina furaha."

"Niachie mimi."

"Hicho ndicho ninachokiogopa. Ulichagua injini ya mtumbwi, ikazama. Ulichagua siku ya harusi ya mdogo wako Brenio, mto ukaingia ndani ya keki. Nimeshamwambia Yariela. Ukiiharibu hii, mwakani nakwenda kukaa kwake mwezi mzima, na wewe utabaki hapa ujikaangie."

Atilano alicheka. Kisha akaenda kuketi nyuma ya nyumba, akaanza kusoma upya kutoka ukurasa wa kwanza, kwa sababu Nereida hakuwa na desturi ya kutishia.

Meli ya kwanza aliikataa kwa kuwa iliingia Mferejini ikageuka, kama mtu aliyefika mlangoni akakumbuka kuwa ufunguo ameuacha shambani. Ya pili ilipita kwenye visiwa vya Waguna, kabila la watu wa bahari. Kwenye maonyesho ya kazi za mikono Mguna mmoja aliwahi kumwambia mbele ya watu kwamba Waemberá hawaijui bahari. Ilikuwa kweli, ndiyo maana ilimuuma, na meli ya Waguna ikaishia hapo.

Ya tatu ilivuka Mfereji wote, ikatia nanga bandari mbili, na katika bandari ya pili abiria alichagua matembezi: ngome ya Wahispania, garimoshi, au ukurasa wa kumi na nne. Ukurasa wa kumi na nne ulikuwa na picha ya ukungu juu ya maji na mgongo wa mtoto. Chini yake paliandikwa:

*Kijiji cha Mto Uliosahauliwa. Mbali na saa na barabara wanaishi watoto wa mto. Kila asubuhi huchukua msituni kinachowatosha kwa leo. Ya kesho huuachia mto.*

Atilano alisoma mara mbili, akavua miwani.

"Maskini," alimwambia Nereida. "Kumbe bado wapo watu wa namna hii."

"Wako wapi?"

"Hawasemi. Mbali. Labda huko juu kabisa, mpakani."

"Wanawapikia wageni?"

"Hawa? Hawa hata sufuria sidhani kama wanayo."

Nereida alifikiri kidogo. "Basi twende tukawaone," alisema. "Angalau wao wamepumzika."

Atilano akatia alama kwenye kisanduku. Ilipaswa kumshtua kwamba alikubaliana na kila sentensi ya ukurasa ule, jambo ambalo halikuwahi kumtokea kwa maandishi ya mtu mwingine.

Siku mbili za kwanza zilikwenda vizuri kuliko alivyostahili. Meli ilipoinuliwa ndani ya malango ya Mfereji, Nereida alikuwa kwenye kiti kirefu sitahani, miwani ya jua usoni, bilauri mkononi. Kinywaji kilipoisha aliinua kidole kimoja, mhudumu akaja na nyingine. Nereida akakitazama kidole chake kwa muda mrefu.

Atilano hakuweza kuketi. Alisimama kwenye reli akawaeleza walio karibu jinsi maji yanavyopanda chumba hadi chumba, mikono ikienda juu na chini. Mzee mmoja mwenye kofia ya majani alisikiliza kwa adabu hadi mwisho, akashukuru. Wakati wa chakula cha jioni ikajulikana kwamba mzee huyo alikuwa rubani wa meli pale Mferejini kwa miaka thelathini na mmoja.

Siku ya tatu walibandikwa karatasi ya namba vifuani, wakapanda basi. Mwongozaji, msichana wa mjini aliyeanza kazi wiki ile, alishika kipaza sauti akasoma kuhusu watoto wa mto. Atilano alitikisa kichwa kwa huruma. Basi likaacha lami.

"Atilano," alisema Nereida. "Lile ni duka la Chong."

"Chong ana maduka mengi."

"Na yule mbwa?"

Mbwa alikuwa na miguu mitatu, naye alikuwa wa Brenio, mdogo wake Atilano. Mwongozaji alikuwa amefika kwenye sentensi ya mwisho, na aliposema kwamba ya kesho huuachia mto, Atilano aliisikia kwa sauti yake mwenyewe. Miaka sita nyuma kijana wa kampuni ya meli alikuja na daftari, akauliza maisha ya kijijini yakoje. Atilano alizima simu iliyokuwa ikilia ndani ya ubinda, akatazama mbali, akasema maneno yale yale. Asubuhi hiyo hiyo wanakijiji walikuwa wamegombania zamu ya kuweka samaki kwenye friza.

Ukingoni alisimama mpwa wake Elvio, kavaa ubinda, akigawa majaketi ya kuokoa maisha.

"Mjomba! Mmesahau nini?"

"Kimya. Mimi ni mgeni."

"Mgeni wa nani?"

"Nipe jaketi, Elvio."

"Chukua lako, lile lenye jina lako."

Nereida aliketi kwenye mtumbwi. Hakununa. Aliweka mikono mapajani kama mtu aliye kanisani, na hilo lilimtisha Atilano kuliko matusi.

Wanawake walikuwa wamejipanga juu ya ngazi kuwaimbia wageni. Wimbo ulikwenda vizuri hadi Nereida alipotokea na kofia na miwani yake, ukaanza kukatika sauti baada ya sauti, mpaka akabaki mmoja anaimba na tisa wameshika mbavu.

"Karibu kijijini kwetu, bibi!" alipaza sauti Elidia, mdogo wake Nereida. "Huku hatuna choo cha kuvuta, usishangae!"

Ndani ya nyumba kubwa walikaa kwenye mabenchi pamoja na wenzao arobaini na wanne. Bibi mmoja wa melini alimwinamia Nereida, akanong'ona, "Unadhani watu hawa wana furaha?"

"Wengine," alisema Nereida. "Inategemea nani anapika."

Brenio, msemaji wa zamu, alitangaza kwamba kijiji kina miaka mia nne. Kijiji kilianzishwa na baba yao, walipohama kutoka Darién, Atilano akiwa na miaka tisa. Kidole cha Atilano kikapanda chenyewe.

"Shusha," alisema Nereida bila kumtazama.

Ndipo Elidia alipochungulia kutoka jikoni, jasho likimtiririka. Hakuwa akitania tena. "Dada! Samaki arobaini na sita na tuko wawili tu! Maadamu umekuja..."

Nereida alivua miwani ya jua. Aliikunja, akaiweka ndani ya kofia. Mkono wake ukashika ukingo wa benchi.

Atilano aliujua mkono ule. Kila asubuhi ulishika hivyo ukingo wa kitanda kabla hajainuka kwenda kupika.

"Kaa," alisema, akasimama yeye.

"Samaki wataungua."

"Kaa, mama Yariela. Nakwenda mimi."

"Wewe?"

Aliingia jikoni na shati lenye picha za kasuku alilolinunua kwenye duka la meli, na wanawake wakaanza kumtania.

"Mgeni, umepotea, vikapu viko kule!"

"Mwacheni, huyu kila asubuhi huchukua kinachomtosha!"

"Shemeji, mwiko hushikwa upande ule mwingine."

Mafuta yalimrukia kidole gumba, kisha kasuku wawili. Ndizi mbichi alizipondaponda hadi zikashikana na ubao. Abiria walikuja mbio na simu: mmoja wao kaingia jikoni kwa wenyeji! Mwongozaji alimsihi atoke, kwa kuwa bima haimhusu mgeni jikoni. Katika miaka kumi na minane Atilano hakuwahi kupigwa picha nyingi kiasi kile, na siku hiyo alikuwa amevaa shati.

Perege wa kwanza alipotoka, alikunja jani, akatia samaki, ndizi na ndimu, akampelekea mkewe, akiwapita watu ishirini waliokuwa kwenye foleni.

Nereida alimgeuza samaki. Upande mmoja ulikuwa mweupe, wa pili mweusi. Wapishi wakachungulia kutoka jikoni.

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna."

"Inaonekana."

Alikula taratibu, akaanza na upande mweupe, kisha mweusi, huku Atilano amesimama mbele yake na mwiko mkononi. Alipomaliza alipanga miiba katikati ya jani, akamrudishia. Kisha akaegemea nguzo, akavaa miwani yake ya jua, akainua kidole kimoja.

"Ndizi," alisema. "Mbili. Na juisi, kama ipo."

Atilano akalipokea jani, akarudi jikoni.