Niliolewa Tororo nikajikuta Karamoja, kisha sanduku langu likarudi nyumbani bila mimi

Habari za humu wakuu. Poleni na shughuli.

Nimesoma nyuzi za ndoa hapa mpaka macho yameuma. Juzi kuna dada alilia kurasa mbili kwamba mume amemhamishia Kitengela na barabara haina lami. Nilisikitika sana. Karibu nianzishe mchango.

Basi leo naandika ya kwangu. Ni kweli yote. Mtu pekee anayeweza kunipinga ni mzee mmoja aliyelala chumba cha pili, na simu yake ni mulika mwizi, kwa hiyo niko salama.

Ilikuwa miaka ya sitini, uhuru bado mbichi. Mimi ni Msamia wa Dabani, Uganda. Nilikuwa nimesoma kidogo, na nilijiona mtu wa mjini kwa sababu siku za soko nilikuwa navuka Busia, nazunguka upande wa Kenya, nanunua sabuni na kurudi. International kabisa.

Ndipo akaja Ofwono. Japadhola wa Iyolwa, huko Tororo, mrefu, viatu vinang'aa, kazi ya serikali. Alikuwa fundi wa pampu za visima, na kituo chake kilikuwa, kwa maneno yake mwenyewe, "kaskazini kidogo."

Kidogo, wakuu. Hilo neno nimelibeba miaka yote hii.

Baba alimhoji kama mzazi yeyote. Utamweka wapi mtoto wangu? Ofwono akajibu kwa heshima, macho chini: "Nyumba ni ya serikali, baba. Ni ya mabati. Maji yako mlangoni. Na majirani ni watu wenye ng'ombe wengi."

Baba akaona binti yake ameangukia kwa matajiri. Mama akaanza kunishonea mapazia.

Niseme tu kwamba Ofwono hakudanganya hata neno moja. Hicho ndicho kinaniudhi mpaka leo.

Tulifunga ndoa Dabani, tukala sherehe Iyolwa, kisha tukapanda treni Tororo. Nilikuwa na sanduku langu la bati lililoandikwa jina la baba na Dabani kwa rangi nyeupe. Ndani kulikuwa na magauni yangu, mashuka, sahani za maua, mapazia, na pasi ya makaa. Ya nini? Ya kunyoosha kola za mume wangu mbele ya hao majirani matajiri.

Treni ilitufikisha Soroti. Tukapanda lori mpaka Moroto, Karamoja. Tukapanda lori lingine. Miti ikazidi kuwa mifupi, miiba ikazidi kuwa mirefu. Kila nikiuliza kama tumefika, Ofwono anasema "karibu," kama mtu anayenikaribisha chai.

Jioni lori likasimama katikati ya pahali ambapo hapakuwa na kitu.

Nyumba ilikuwa ya mabati, ndiyo. Mabati juu, mabati pembeni, ya duara, kama sufuria lililopinduliwa. Haina dirisha. Mapazia ya mama niliyatumia kuchujia maji.

Maji pia yalikuwa mlangoni. Ilikuwa pampu ya mkono, ya serikali, na kila asubuhi ng'ombe wa dunia nzima walikuja kunywa hapo, hatua chache kutoka kitandani mwangu. Wale ndio majirani. Kwa kweli walikuwa wengi.

Honeymoon yetu ilikuwa kushika spana. Idara ilikuwa imemwahidi Ofwono msaidizi, na msaidizi hakuletwa, kwa hiyo serikali ikapata msaidizi wa bure aliyekuja na pasi yake mwenyewe. Pampu ikikataa, tunavuta mabomba kutoka shimoni moja baada ya jingine mpaka tufike kwenye kile kipande cha ngozi cha chini kinachosukuma maji. Ngozi ikiisha, maji hayapandi. Nilijifunza hayo yote nikinuna, lakini nilijifunza.

Kitu kimoja tu kilinifaa kutoka nyumbani. Nilikulia karibu na watoto wa Kiteso, wale wa upande wa Mukuju, na Kiteso nilikijua. Wakaramoja nao lugha yao na Kiteso ni kama watoto wa tumbo moja. Kwa Kiteso maji ni akipi, wao wanasema ngakipi. Unaongeza pua kidogo, mnaelewana.

Ofwono alikuwa ameishi pale muda mrefu na alijua maneno mawili. Njoo, na toka.

Hivyo ndivyo nilivyompata Nakiru. Alikuwa mke wa mmoja wa wenye ng'ombe, mwanamke wa rika langu, mcheshi, na mkali akitaka. Siku ya kwanza alishika gauni langu, akalivuta kupima uimara wake, akacheka. Siku ya pili akaniletea maziwa. Kufikia mwezi wa pili alikuwa ananiambia umbea wa kijiji kizima.

Basi Ofwono akaondoka na gari la kazi kwenda kutengeneza visima vya mbali. Alisema ni siku chache. Mnajua wenyewe vipimo vya huyu mtu vilivyo.

Siku chache zikapita. Zikapita nyingine. Nilikaa ndani ya lile sufuria peke yangu na posho na maharagwe, nikisikiliza bati likilia kwa jua.

Mwishowe likaja lori la chakula. Dereva wake alikuwa Omoding, Mteso wa Mukuju, karibu ndugu.

"Mama, bwana yako iko Moroto," akaniambia. "Gari imekufa. Yeye nangoja spea."

"Spea inatoka wapi?"

"Kampala."

Niliingia ndani nikafunga sanduku. Sikulia hata. Nikamwambia Omoding kesho yake akirudi Tororo narudi naye. Akasema hakuna shida, akalipandisha sanduku nyuma kabisa jioni ile ile. Nikabaki na gauni nililovaa.

Sasa sikilizeni bahati yangu.

Asubuhi pampu ikakauka.

Wanawake walikuwa wamekuja na vibuyu, na watoto mgongoni, na Nakiru mbele yao. Wanapampu, wanapampu, inatoka pumzi tu. Kisima kingine ni mwendo wa kutwa. Nakiru akanitazama. Hakuniomba kitu, alinitazama tu, na mimi nikatazama lori.

Ningependa kuwaandikia hapa kwamba huruma ilinijaa kifuani. Hapana. Omoding alikuwa bado anakunywa chai, nikafikiri nitawaonyesha tu jinsi ya kufungua bolti, kisha niende zangu.

Bolti zikafunguka. Tukaanza kuvuta. Kufungua bomba la juu, lazima mtu alibane lililo chini yake kwa spana kubwa, alibane kweli kweli, maana akiachia, mabomba yote yanazama shimoni na hayarudi tena. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nakiru alikuwa anazungusha la juu, wengine wanavuta.

Tukiwa hapo Omoding akaja. "Mama, mimi nakwenda sasa. Wewe napanda ama nabaki?"

"Ngoja kidogo."

"Jua nakwisha."

"Omoding, ngoja nimeshika bomba."

Alingoja, ni haki nimsemee. Akapiga honi, akangoja tena, akapiga tena. Nakiru alikuwa bado anazungusha. Mkono wangu ulikuwa umeshakufa ganzi, na kulikuwa na watoto wamekaa pembeni wameshika vibuyu vitupu.

Lori likaondoka. Niliona sanduku langu pale nyuma, jina la baba limeandikwa vizuri kabisa, likipotea kwenye vumbi. Omoding alikuja kunieleza baadaye kwamba alifikiri nimeamua kulituma nyumbani.

Tulipofika chini tukakuta ngozi imeoza. Na sanduku la spea la serikali lilikuwa na kila kitu isipokuwa ngozi.

Nakiru akaishika, akaigeuza, akasema kitu kama, "Hii ni ng'ombe." Akakata kipande kwenye pindo la sketi yake ya zamani ya ngozi, akakilainisha kwa mafuta, tukapima na ile mbovu, tukakata tena. Jua likielekea kushuka, maji yakatoka. Wanawake hawakunipigia makofi. Walipanga foleni na kuanza kugombana nani alifika kwanza.

Gauni langu lilikuwa limechanika begani mpaka magotini na limelowa grisi. Nakiru akaniletea sketi ya ngozi yenye shanga. Nikaivaa na kipande cha gauni kilichobaki juu. Ningefanyaje? Niliishi hivyo.

Huku nyuma, sanduku likafika Tororo. Watu wema wakalisoma, wakalipakia kwenye baiskeli, likapelekwa Dabani.

Fikirieni mama yangu. Mtoto ameolewa mbali, hakuna habari, na siku moja analetewa sanduku la nguo zake. Yeye akapiga yowe. Majirani wakaja na mikeka wakalala uani. Wakuu, mimi nimeombolezwa nikiwa hai, nikipampu maji.

Baba akavaa koti akaja kuchukua maiti.

Moroto alimkuta Ofwono kwenye yadi, gari limepona, anajiandaa kurudi kituoni. Ofwono hakujua lolote. Walipanda kabini moja. Kwetu mkwe na baba mkwe hata sahani moja ni taabu, sasa hawa wakabanana kutwa nzima, mmoja anaamini mwenzake ameua mwanawe. Ofwono husema hiyo ndiyo safari ndefu kuliko zote alizowahi kusafiri.

Niliwaona wakishuka. Baba amejaa vumbi mpaka nyusi. Akaja moja kwa moja mpaka kwangu.

"Mama," akaniambia kwa Kiswahili, polepole, "Nabwire alizikwa wapi?"

"Baba, ni mimi."

Alinitazama uso, akaitazama sketi, akanitazama uso tena. Kisha akakaa kwenye ukingo wa birika la kunyweshea ng'ombe, akafunika macho kwa kofia. Nilikuwa sijawahi kumwona baba akilia. Nilikaa karibu naye.

Alipotulia akasema, "Watu wamelala uani kwangu kwa ajili yako. Panda gari twende."

Ofwono alikuwa amesimama kando kama mwanafunzi aliyechelewa. Baba akamgeukia. "Mkwe. Uliniambia kaskazini kidogo."

"Baba," Ofwono akasema, "kabla ya Nabwire niliwaambia wasichana wawili ukweli. Hakuna aliyengoja nimalize."

Sikuwa najua hilo. Lilinipunguzia hasira kidogo, na sikufurahia kupunguziwa.

Nakiru akaleta maziwa kwenye kibuyu. Akaniuliza mzee anataka nini. Nikamwambia amekuja kunichukua. Akafikiri, akasema, "Mwambie anywe kwanza."

Ofwono, kwa kukosa pa kuweka mikono, akaenda kwenye pampu. Alikuwa na ngozi mpya mfukoni kutoka Moroto, maana alijua ya zamani inakaribia kuisha. Akainua mkono wa pampu, maji yakamwagika miguuni mwake. Akarudi.

"Nani amefungua pampu?"

"Mimi."

"Kwa ruhusa ya nani?"

Naapa hivyo ndivyo alivyouliza. Mtu ameniacha peke yangu porini, anauliza ruhusa.

"Mkwe," baba akamwambia, "nyamaza." Kisha akaanza kucheka, maziwa yakimtoka kwenye masharubu, akacheka mpaka Nakiru naye akacheka bila kujua ni nini.

Alipomaliza aliniuliza kwa Kisamia, taratibu: "Wewe unataka nini?"

Wakuu, siku ile ya kuposwa waliulizana habari za nyumba, za mabati, za maji na za majirani. Hilo swali hakuna aliyeniuliza. Lilinikuta sijajiandaa.

Nikasema nataka kubaki, lakini si ndani ya sufuria lile. Nikasema Ofwono akisafiri nasafiri naye, au aniambie ukweli wa siku. Na aninunulie gauni. Ofwono akakubali yote kabla sijamaliza, kwa jinsi alivyokuwa amechoka na baba.

Nyumba yetu mpya waliijenga Nakiru na wenzake, ya fito na udongo na nyasi, maana kule kujenga ni kazi ya wanawake. Baba alikaa mpaka kuta zikasimama. Hakubeba hata fito moja, lakini ushauri alitoa mwingi. Kisha akarudi Dabani kuwaambia waombolezaji waende makwao.

Tulikaa kule miaka. Watoto wetu wawili wa kwanza ni wa kule. Uhamisho wa Tororo ulipokuja hatimaye, nyumba ya saruji na bomba ndani, nililia njia nzima mpaka Soroti, na Ofwono kwa busara zake akaniambia ni vumbi.

Funzo langu ni fupi. Wazazi, mnapohojiana kuhusu nyumba, mtupie swali moja binti mwenyewe. Na nyie mabinti, msisubiri kuulizwa, semeni.

Wajukuu hupenda kusikia kwamba nilibaki kwa ajili ya mapenzi. Nawaacha waamini. Ukweli ni kwamba nilibaki kwa sababu mikono yangu ilikuwa imeshika bomba na sikuweza kuliachia. Mapenzi yalichelewa, yalikuja na gari lililofuata, yamekaa katikati ya kabini, kimya, yanamwogopa baba yangu.

Haya, uwanja ni wenu. Aliyewahi kuombolezwa akiwa hai aje tusalimiane. Na yule dada wa Kitengela, mama, lami imefika?