Sauti ya Bombani

Baba aliniambia kwa simu kwamba amepoteza sauti ya mama. Sura bado alikuwa nayo, mwendo pia, hata harufu ya kitenge chake kikitoka kuanikwa juani. "Lakini nikijaribu kumsikia, mwanangu, inakuja sauti ya dada yako."

Mama tulimzika masika yaliyopita. Simu hiyo ya baba ilinikuta Masasi, napakia magunia ya korosho ghalani. Kabla ya hapo nilikuwa Tunduru, na kabla ya Tunduru sehemu nyingine. Shule niliiacha mapema, na tangu hapo sijakaa mahali mpaka nikaitwa mwenyeji. Ila kitu kimoja nilikuwa nacho. Siku moja, nyumbani Mkunya, nilikuwa najaribu kinasa sauti cha simu niliyoinunua kwa mtu, na mama akaingia humo bila kujua. Ni sauti fupi. Tangu mazishi sikuwa nimeifungua.

Kumpelekea simu tu kusingesaidia. Sikio la kushoto la baba limekufa, na la kulia linasikia kama la mtu aliyejifunika blanketi. Nikaenda kutafuta spika.

Msimu wa korosho, maduka ya redio ya Masasi hupanga sabufa nje, zikiangalia barabara. Mteja hasikilizi. Anaweka kiganja juu ya boksi, mtetemo ukifika kiwikoni anachukua, kwa sababu anayenunuliwa muziki ni jirani.

"Njomba, hii ukiiwasha Mkunya, Newala mjini wanacheza," muuzaji aliniambia.

"Punguza besi."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka iishe."

Akanitazama. "Unanunua sabufa au redio ya mgonjwa?"

"Ya mgonjwa."

Alikuwa ameshaanza kucheka, akaacha. Akavuta kiti akanipa.

Sikutaka kumfungulia mama pale, katikati ya makelele ya muziki wa singeli. Nikaomba redio, nikatafuta stesheni ambayo mwanamke anasoma habari, nikamsikiliza yeye katika kila spika iliyokuwa na bei ya mtu kama mimi. Kwenye sabufa alisema kama yuko ndani ya pipa. Kwenye vile vispika vya plastiki alikuwa nyigu. Nikaanza kuelewa kwamba sauti ya mtu inakaa katikati, si chini kwenye besi wala juu kwenye mlio mwembamba, na hapo katikati watengenezaji wa vitu vya bei rahisi hawahangaiki napo.

Mwisho muuzaji akatoa chini ya meza spika mbili ndogo za mbao, kitambaa kimechanika, ambazo mteja mmoja aliziacha alipochukua sabufa. Akaziunga. Msomaji wa habari akavuta pumzi kabla ya sentensi, na ile pumzi niliisikia. Nikazichukua spika hizo, pamoja na ampu ndogo ya kuziendesha.

Nyumbani niliziweka juu ya kabati la sebuleni, baba akasogeza kiti, akageuza sikio la kulia. Nikafungua.

"Jamani eeh, maji yametoka! Njooni, maji!"

Nyumba yetu ndiyo ya kwanza kutoka bombani. Huku juu mlimani maji hutoka yanapotaka, na miaka yote mama ndiye aliyekuwa akiita wenzake. Baba alitikisa kichwa.

"Ni mwanamke. Lakini siye."

Nikazitoa spika pembeni mwa ukuta, maana saruji ilikuwa inaifanya sauti kuwa nzito. Nikafungua tena. Siye. Baba alianza kuangalia mikono yake, na mimi nikaingiwa na hofu kwamba nimemletea mtu mwingine ndani ya nyumba.

Ndipo nikafikiri: lini baba aliisikia sauti hii mbele ya uso wake? Alikuwa akiisikia akiwa kwenye kiti hicho, ikitoka nje, ikipita dirishani. Nikavuta waya, nikazitoa spika mpaka barazani, upande wa bomba, nikaongeza sauti. Ilikuwa mchana, jua kali, hakuna mtu njiani.

Mama akaita.

Kutoka ndani nikasikia kiti kikisogea. "Ile ndoo ya bluu nimeiweka wapi?" baba akauliza. Hakuwa ananiuliza mimi.

Halafu nikasikia ndoo nyingine, nyingi, zikigongana. Jirani wa kwanza alitokea mbio, kanga haijafungwa vizuri. Nyuma yake wengine, mmoja na unga wa muhogo mikononi. Aliyetangulia akafungua bomba. Likatoa pumzi tu. Akalifunga taratibu, na hakuna aliyeuliza nani ameita.

"Nilijua ni yeye," alisema yule mwenye unga. "Nilijua, na bado miguu ikaenda."

Mama mmoja mtu mzima akaziona spika, kisha akaniona mimi. "Wewe mtoto. Haya si mambo ya kuchezea."

"Nisamehe, mama. Shikamoo."

Hakuitikia. Baba alikuwa ametoka, ndoo mkononi, anapepesa macho kwa sababu ya mwanga. Wakamwamkia wote, akawaitikia mmoja mmoja. Kisha akanigeukia.

"Ndiye," alisema.

"Niirudie?"

Alitazama zile ndoo tupu.

"Zima. Akiita kila siku na maji hayapo, watu watamchoka."

Nikachomoa waya. Wanawake hawakuondoka mara moja. Walipanga ndoo zao bombani kama zinavyopangwa siku zote, wakiacha nafasi ya mbele, ya mama, wazi, na baba akaenda akaiweka ile ya bluu hapo.